Vyombo vitupu vya jirani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo la juma hili ni 2 Wafalme 4:1–7.

Mjane wa mmoja wa wana wa manabii anamlilia Elisha. Mume amekufa, na mdai amekuja kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Anataja na jambo ambalo huwa tunalipita haraka: marehemu alikuwa mcha Bwana. Kumbe deni lilikuwa limekaa ndani ya nyumba ya mtu wa ibada. Limetokana na nini, Maandiko hayasemi, na Elisha hakumuuliza mama yule.

Nimelirudia somo hili kwa sababu ya kaka mmoja aliyekuja kwangu jioni, akakataa chai, akakaa ukingoni mwa kiti. Msianze kumtafuta, si wa usharika wetu, na haya nayaandika kwa ruhusa yake. Alikuwa mtunza hazina wa kwaya. Akaniambia anadaiwa "kama laki tano hivi", za kubeti. Alianza na mkeka, yaani tiketi ya kubeti, wa shilingi mia tano, timu nne. Ulipochanika akaweka elfu mbili, arudishe hela yake. Wanaocheza wanalijua neno hilo, kurudisha hela, na ndilo linalowamaliza. Mtu aliyeliwa elfu hamsini hasemi amepoteza. Kwake hela ipo, imekwenda tu mahali na inamsubiri aifuate.

Nikachukua daftari la hesabu la mwanangu, tukaandika. VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, 450,000. Mikopo ya simu, mitatu, 185,000. Mkopo wa mtaani, ule wa kausha damu, 300,000, wa marejesho ya kila siku, na mkusanyaji anagonga mlango saa kumi na mbili asubuhi watoto wakiwa wanavaa sare. Dukani, 62,000. Hapo kalamu ikasimama. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaandika kwa herufi ndogo: vitambaa vya kwaya, 380,000. Jumla 1,377,000. Mkewe alikuwa anajua la dukani tu.

Nakiri mkono wangu ulianza kwenda mfukoni. Nikajizuia, maana nilishakosea hapo. Miaka ya nyuma nilimlipia mpwa wangu deni la namna hii lote kwa mkupuo. Alilia, tukaomba pamoja, na mwezi haukuisha akawa na deni jipya, kubwa kuliko lile. Ukimlipia mtu ambaye bado anabeti umempa mtaji. Ushirika wa Gamblers Anonymous, ulioanza Los Angeles mwaka 1957, unalijua hilo siku nyingi: wazoefu humkalisha mwenzao, madeni yote yakaorodheshwa bila kuficha hata moja, ukapangwa utaratibu wa kulipa kidogo kidogo. Hawamchangii.

Elisha naye hakutoa fedha. Aliuliza, "Una kitu gani nyumbani?" Mama alikuwa na chupa ya mafuta tu, akatumwa akaazime vyombo kwa majirani. Na majirani hawakupitisha kapu la mchango. Walitoa vyombo, tena vitupu. Halafu mlango ukafungwa, mama na wanawe ndani, wakamimina mafuta hadi vyombo vyote vikajaa; yakauzwa, deni likalipwa. Aliyeleta sufuria hakukaribishwa kuchungulia.

Basi vyombo vya siku hizi ni vipi? Kumsindikiza VICOBA akaombe kupangiwa upya marejesho, maana akienda peke yake ataishia njiani. Kukaa naye mbele ya mkopeshaji na kuuliza kwa upole kama ana leseni ya Benki Kuu, kwa kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inaitaka, na wapo wanaokopesha bila hiyo. Kusimama karibu wakati anaomba akaunti ya kubeti ifungwe. Mke kushika laini ya simu yenye pesa, kwa kukubaliana.

Na hospitali. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeiweka kamari iliyomshinda mtu miongoni mwa magonjwa ya uraibu. Wataalamu wa afya ya akili wapo, Muhimbili wapo, Mirembe pale Dodoma wapo. Najua kuna watakaosema ni pepo la kukemewa. Tuombe, sikatai. Lakini aliyevunjika mguu huwa tunamwombea tukiwa ndani ya gari, tunaelekea hospitali.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa mwenyekiti wa kwaya. Tulikwenda wawili. Mzee yule alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akasema, "Na fundi alishatupima." Hakusema lingine kwa dakika kadhaa. Kisha akaomba funguo za sanduku, akazitia mfukoni, na akamwuliza kijana kama ataendelea kuimba besi. Anaimba. Analipa 20,000 kila baada ya wiki mbili, na waimbaji wamevaa sare za zamani Pasaka nzima. Si wote wanaomsalimia.

Jumamosi ndiyo inamtesa. Mchana ukipinda anaiacha simu kwa mkewe, anakuja kwangu tunapukuchua mahindi. Juzi, kama saa kumi na moja, kelele za goli zikalipuka kwenye kibanda umiza, kile cha kuonyeshea mpira, nyuma ya nyumba. Vidole vyake vikasimama kwenye gunzi. Akasikiliza. Halafu akaniuliza kama kuna gunia jingine.