Mume wangu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, hivi ndivyo imani yangu imesimama

Watu wa kanisani wananiuliza sana, mama wewe unawezaje, mbona bado unakuja kwaya, mbona unacheka. Kwenye simu huwa naishia kusema tunamshukuru Mungu, basi. Leo ngoja niandike kwa kirefu kidogo.

Mume wangu figo zilifeli, presha ya muda mrefu, dawa anakunywa akijisikia vibaya tu kama wanaume wengi hapa Dar. Sasa hivi yuko kwenye mashine Jumatatu Jumatano na Ijumaa, masaa manne kila kipindi, weka na foleni weka na usafiri, siku imeisha. Na hii sio ugonjwa wa kusema mwezi ujao utakuwa umeisha, yaani ni maisha.

Tangu mwanzo wapendwa walinijia na maombi makubwa makubwa, kiri ushindi, kataa hiyo ripoti ya daktari. Sisemi ni mabaya, kuna watu wameinuliwa nayo. Ila kwangu hayakukaa, kwa sababu unakiri usiku halafu asubuhi mtu kavimba miguu anahema kwa shida, sasa hapo unajibu nini. Kilichonishika mimi ni zile Zaburi za kulalamika. Ya 13 inaanza hivi, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Na ni fupi, mistari sita tu, unaimaliza kabla nesi hajaita jina. Ya 88 ndo kali zaidi, haigeuki mwishoni ikawa shangwe kama zingine, inaishia gizani kabisa. Lakini soma pale juu, imeandikwa ni wimbo, Zaburi ya wana wa Kora, yaani kuna kwaya iliwahi kusimama ikaimba maneno yale mbele za Mungu na hakuna aliyewatoa nje! Mimi mwanakwaya hilo lilinigusa sana maana kwetu kila wimbo lazima uishe na vigelegele. Kuanzia hapo nikawa nalia kwa Mungu moja kwa moja, namlaumu yeye mwenyewe usoni, na kwa kweli nilimsikia karibu zaidi kuliko nilipokuwa najifanya niko sawa.

Jambo lingine ni maombi yangu yamefupika. Siombi ya mwaka ujao, naomba ya kutufikisha Jumatano, ikifika Jumatano naomba ya Ijumaa. Baba Yetu yenyewe inasema utupe leo riziki yetu, na mana kule jangwani waliookota wakabakiza mpaka asubuhi iliingia mabuu ikanuka. Hela ya kipindi kijacho mara nyingi sijui inatoka wapi na nimezoea kulala hivyo hivyo bila kujua, japo kuna usiku silali, nisiwadanganye.

Kitu kigumu kuliko vyote wala sio sindano, ni kiu. Figo haziyatoi maji tena, kwa hiyo mzee wangu anaruhusiwa kama nusu lita hivi kwa siku, na humo humo kuna chai, kuna uji, kuna mchuzi, na joto la Dar mnalijua. Asubuhi namjazia kile kichupa kidogo, kikiisha kimeisha, nikimwonea huruma nampa kipande cha barafu anyonye taratibu. Akizidisha mizani inamuumbua maana wanampima kilo kabla ya kupanda kitandani, na maji yakiwa mengi wakiyavuta presha inashuka anabanwa misuli mpaka anapiga kelele. Sasa Ijumaa Kuu iliyopita niko namsomea mateso, tukafika pale Yesu msalabani anasema "Naona kiu", akanishika mkono akasema rudia hapo. Nikarudia. Akasema kumbe huyu anaijua hii kitu. Basi hatukuendelea kusoma. Nimesikia mahubiri mengi ya Ijumaa Kuu lakini hilo neno sikuwahi kulisikia likihubiriwa hivyo.

Kuna mtumishi mmoja alitupigia akasema mgonjwa ameshapona aache mashine, ila kwanza tutume sadaka ya mbegu. Nilimjibu kwa heshima tu kwamba mfalme Hezekia alipougua Mungu aliahidi kumponya na bado Isaya akaagiza waweke mkate wa tini kwenye jipu, nikakata simu. Na Paulo mwenyewe, aliyeombea wangapi wakapona, alimwacha mwenzake Trofimo kule Mileto akiwa mgonjwa, hakumwambia huna imani. Mtu akikwambia umwachishe mgonjwa wa figo mashine ujue anakuletea msiba.

Jumuiya yetu ndo imenibeba zaidi ya mahubiri yoyote. Kuna mama mmoja wala sio mwombaji wa sauti, yeye anakuja ananawa mikono anachemsha mchicha na viazi anamwaga yale maji ndo anaunga, kwa sababu nilimweleza mara moja tu kwamba ile potasiamu, madini yaliyomo kwenye mboga na matunda mengi, ikizidi inasimamisha moyo. Siku nisipoweza kuomba anaomba yeye, mimi naitikia amina na hiyo amina naona inatosha kabisa.

Sasa hivi mdogo wake mume wangu amejitolea figo, vipimo vinaendelea. Zamani wengi walikuwa wanapelekwa India lakini Muhimbili walianza kupandikiza 2017 na hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma 2018, kwa hiyo mlango upo. Vikikubali sifa kwa Bwana, vikigoma Jumatatu tunapanda gari kama kawaida, na Zaburi ya 13 bado ipo palepale.

Na mnaotaka kuja kutuona karibuni sana, ila jamani ndizi, machungwa na yale maparachichi mazuri acheni nyumbani. Leteni hela ya bajaji.