Pilipili haiwi "sharp": nilivyojifunza kuchagua vivumishi vya Kiingereza

Nilianza kutembeza wageni kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani, Unguja, nikiwa na Kiingereza cha sekondari na kamusi ndogo ya mfukoni. Siku za mwanzo nilimpa mama mmoja pilipili mbichi, nikamwonya kuwa ni "sharp". Akaipapasa akitafuta mwiba, hakuuona, akaitafuna. Alitokwa machozi. Niliumia sana, kwa sababu onyo nililitoa kwa nia njema kabisa, ila neno nililotumia lilikuwa la kisu.

Usiku ule nilifungua kamusi kwenye -kali. Nikakuta "sharp", "hot", "strong", "fierce", "strict", "severe", "bitter". Nikayakariri yote na hayakunifaa kitu. Mbele ya wageni nilisema lolote lililotangulia kufika mdomoni.

Aliyenifumbua macho ni mgeni aliyekuwa akijifunza Kiswahili. Alivua kofia yake iliyochakaa akasema, "Kofia mzee." Nikamsahihisha papo hapo: kofia kuukuu. Akashangaa, kwani "old" si mzee? Nikamweleza kuwa mzee ni mtu. Kofia ni kuukuu, mji ni mkongwe kama Mji Mkongwe wetu, na rafiki ni wa zamani. Nikawa najisikiliza huku nasema. Hakuna hata neno moja nililolitafuta kwa kupima maana yake. Kila jina lilikuja na kivumishi chake.

Nikaiacha ile orodha, nikaanza daftari jipya ambalo kila ukurasa uliongozwa na nomino. "Pepper" ikapata "hot". "Coffee" na "wind" zote zikapata "strong", "teacher" "strict", "dog" "fierce", "cold" "bitter". "Pain" ilikubali mawili: "sharp" kwa maumivu yanayochoma ghafla, "severe" kwa yale yaliyozidi mno. Sikuandika chochote ambacho sikukisikia kwa wageni wenyewe. Kwetu, kwa neno kama -kali, nomino hugusa mwanzo tu wa kivumishi, kisu kikali, maumivu makali. Kwa Kiingereza hudai neno zima. Historia nayo imechangia: baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno mengi ya Kifaransa yaliingia na kukaa ubavuni mwa yale ya asili. "Sharp" na "strong" ni ya asili. "Fierce" lilikuja na Kifaransa.

Baadaye nilisoma kuwa mwanaisimu Mwingereza M. A. K. Halliday alilieleza jambo hili mwaka 1966 kwa mfano wa chai: chai huwa "strong", haiwi "powerful", ingawa gari huwa "powerful". Nilifurahi mno kukuta chai humo, maana chai ndiyo iliyokuwa imenisumbua kuliko vyote.

Mwisho wa matembezi huwa tunawapa wageni chai ya viungo. Niliita "spicy tea", na wenye watoto wakawa wanakataa, nami nisijue kwa nini. Kumbe "spicy" humfanya mtu afikirie pilipili. Chai yetu ina iliki, mdalasini na karafuu. Jina lake ni "spiced tea". Herufi chache tu. Tangu nilipobadilisha, watoto ndio wanaotangulia kunyoosha vikombe.