Misumari ya Mwaloni

Kifaa cha koklea, kile kinachogeuza sauti kuwa umeme na kuupeleka kwenye neva ya sikio, niliwekewa Muhimbili, na siku kilipowashwa sikusikia sauti ya mtu. Nilisikia kitu kama vifaranga wa bati wakilia kichwani, basi. Homa ya uti wa mgongo ilikuwa imeniua masikio yote mawili nikiwa sekondari. Sasa elektrodi 22, vincha vya umeme vya kifaa hicho, zilitakiwa zifanye kazi ya seli 3,500 hivi za kusikia, na ubongo wangu haukujua zinasema nini. Mtaalamu alimwambia dada: asisikilize tu, aone na aguse pia.

Jumamosi moja dada akanipeleka Mwaloni, Kirumba, pale Mwanza kando ya Ziwa Victoria, kwa fundi mitumbwi anayefahamiana naye. Tukamwamkia, dada akakibandika kiganja changu kwenye ubao. Fundi akainua nyundo. Niliona ikishuka, ubao ukatetemeka mkononi, na katikati ya ile vurugu ya kichwani ukatokea mlio mmoja mkavu, ko, ulioanza na nyundo na kukoma nayo. Akapiga tena na tena. Baadaye nikaondoa mkono, nikabaki na macho. Halafu dada akanigeuza nitazame ziwani, kwa akina mama walioanika dagaa, ninyooshe kidole kila nikisikia. Kumbe fundi alikuwa akinitega: mara anainua nyundo halafu hapigi. Kidole hakikunyooka.

(Mlio ulitokea upande gani, usiniulize. Kifaa ni cha sikio moja, na hadi leo bodaboda ikipiga honi lazima nigeuke niitafute kwa macho.)

Maneno ndiyo yalinitoa jasho. Kusoma midomo nilishazoea, lakini “mama”, “baba” na “papa” mdomoni hayatofautiani. Hapo sikio ndilo liamue. Dada akawa anatamka nikimwangalia, kisha anaziba mdomo kwa pindo la kanga na kurudia.

“Papa,” nikajibu.

Fundi akaangua kicheko, akasema kitu. Dada akashusha kanga, akanirudishia maneno ya fundi: “Papa wa wapi kwenye maji baridi haya?”

Kisha dada akayatamka polepole yale maneno yetu, mkono wangu ukiwa kooni pake. “Mama” ilivuma vidoleni tangu mwanzo. “Papa” ilianza kimya, ikapasuka. Akaziba tena.

“Mama.”

“Eeh!”

Fundi naye akataka zamu yake. Kwa masharubu yale, kanga haikuhitajika.