Nilivyorudisha rangi za kweli kwenye picha za safari za kamera za zamani

Kabla ya kugusa rangi yoyote, natoa nakala ya faili na kuiacha ya asili ilivyo. Kisha natafuta kosa ni la aina gani, maana ugonjwa si mmoja na dawa ya huu haiponyi ule.

Picha ikiwa imepauka yote, ngozi na majani havina uhai lakini hakuna rangi iliyotawala, natazama kwanza jina la faili. Kamera nyingi zikiwekwa kwenye Adobe RGB, mfumo wa rangi mpana kuliko sRGB ya kawaida, huanza jina kwa kistari cha chini, mfano _DSC0412. Alama ya profaili, yaani maelezo ndani ya faili yanayotaja mfumo wa rangi, ikipotea njiani, programu huzisoma namba zilezile za rangi kama sRGB, na rangi hufifia. Hapo siongezi ukolevu wa rangi. Naipachika picha profaili ya Adobe RGB, halafu ndipo naigeuza kuwa sRGB. Ukianza na kugeuza, programu itageuza namba ambazo tayari imezielewa vibaya, na picha itabaki imepauka vilevile.

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi zaidi ni la uwiano wa weupe, yaani jinsi kamera inavyofidia rangi ya mwanga ili cheupe kionekane cheupe. Kamera ikiachwa ijichagulie, balbu za waya huleta rangi ya machungwa, taa za tyubu huleta ukijani, na kivuli cha mchana huleta ubuluu. Macho hayafai kuwa shahidi hapa: ukiitazama picha dakika chache tu, yanazoea. Nazima hali ya usiku ya skrini na kuanza kupima namba.

Natafuta kitu ambacho kwa kawaida ni kijivu: zege, lami kavu, jiwe la kijivu. Shati jeupe nalikwepa, kwa sababu sabuni nyingi huacha king'arishi kinacholipa ubuluu. Napima wastani wa eneo la pikseli 5 kwa 5 au zaidi, kwani pikseli moja inaweza kuwa chengachenga tupu, hasa kwenye chaneli ya buluu (picha ina chaneli tatu, nyekundu, kijani na buluu, kila moja ikiwa na namba kuanzia 0 hadi 255).

Chukua picha ambayo ngazi za zege zinasoma nyekundu 142, kijani 131, buluu 108. Kijani naiacha, hizo mbili naziongoza zifike 131. Katika zana ya viwango (Levels) ya GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, kitelezi cha kati cha nyekundu kikiwa 0.88 kinatosha. Kwa buluu ningeweza kuweka 1.29, na zege lingekuwa kijivu safi, ila mawingu yangebaki ya manjano, maana kitelezi cha kati hakisogezi ncha, yaani 0 na 255. Kwa hiyo naangalia histogramu ya buluu, mchoro unaoonyesha ni pikseli ngapi zina kila namba. Ikiwa inaishia 210, navuta kitelezi cha kulia hadi 210: mawingu yanakuwa meupe, na ile 108 yenyewe inapanda hadi 131. Ncha kwanza, kati baadaye.

Kuvuta hivyo huacha mapengo kwenye histogramu, na anga laini huonyesha mistari. Ndiyo maana nabadilisha picha iwe ya biti 16, yenye ngazi nyingi zaidi za kila rangi kuliko biti 8 za kawaida, kabla ya kuanza. GIMP inaweza tangu toleo la 2.10. Hairudishi kilichopotea, lakini inazuia kila hatua isikate namba upya.

Machweo siyasawazishi kabisa. Wekundu ule ulikuwepo kweli, na zege la saa hiyo halikuwa kijivu.

Kosa lisilotibika ni chaneli iliyojaa. Kitambaa chekundu chenye 255 eneo zima hakina mikunjo ya kurudisha. Ukiishusha, unapata bapa lililokufa. Ninachofanya ni kuchanganya asilimia 30 hivi ya chaneli ya kijani ndani ya nyekundu, kwa barakoa (kifuniko kinachozuia sehemu nyingine zisiguswe), kwenye kitambaa peke yake. Mikunjo inaonekana tena, ingawa wekundu unapungua.

Kunakili marekebisho kwa picha nzima za siku hiyo hufaa tu kama uwiano wa weupe ulifungwa. Otomatiki huweza kubadilika kati ya picha mbili za dakika ileile, kwa hiyo hizo napima zege la kila moja.

Faili ya kazi naihifadhi kama TIFF ya biti 16. JPEG naitoa mara moja tu mwishoni, ubora 92, ikiwa na profaili ya sRGB ndani yake.