Kalamu ya mbao za jahazi

Kalamu hii nimeikereza kutoka kwenye ubao wa mbambakofi wa jahazi kuukuu lililovunjwa Matondoni, Lamu, kijiji cha mafundi wa vyombo vya baharini. Kabla ya kukata nilipitisha sumaku, maana msumari uliojificha ndani huharibu patasi. Nikatoboa katikati, nikatia bomba la shaba kwa gundi, nikakereza taratibu. Mti ulipopata moto ukatoa harufu ya sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa chomboni. Jamani, nilifurahi! Tazameni lile doa jeusi karibu na ncha: kutu ya msumari imeingia mtini miaka mingi. Wengine wangelisugua. Mimi nimeliacha, nikamalizia kwa msasa laini na nta tu. Ni ya babu, nahodha mstaafu. Kesho nampelekea.