Tarakimu 60 za stima

Stima ilikatika saa mbili usiku, Novemba 2024, katika chumba nilichopanga South B, Nairobi. Majirani walikuwa na taa, kwa hiyo haikuwa hitilafu ya mtaa. Yuniti za mita yangu ndizo zilizokwisha.

Mgeni kama mimi niliyetoka Tanga hanunui tokeni, yaani tarakimu za kuingiza kwenye mita ili upate yuniti, Nairobi kwa urahisi mpaka awe na laini yenye M-Pesa, na laini hiyo husajiliwa kwa pasi halisi ya kusafiria, si nakala. Hilo nilishalimaliza. Nilichokosa ni salio.

Wakala wa chini ya ghorofa alikuwa hajafunga.

"Karibu kaka. Unaweka ama unatoa?"

"Naweka mia sita."

Akaomba pasi, akanakili namba yake kitabuni, nikatia sahihi. Kuweka hakuna makato. Makato yapo wakati wa kutoa. Ujumbe wa M-Pesa nikausubiri palepale dirishani. Namba ya simu ikikosewa tarakimu moja, pesa huingia kwa mtu mwingine, na ni heri jambo hilo ligundulike wakala akiwa mbele yako.

Nikafungua Lipa na M-Pesa, nikaweka namba ya Paybill, 888880, kisha namba ya akaunti, ambayo ndiyo namba ya mita. Ina tarakimu 11. Nawasihi wapangaji waisome kwenye mita yenyewe, wasiamini karatasi iliyobandikwa ukutani na mpangaji aliyehama. Tokeni hutengenezwa kwa ajili ya mita moja tu. Ukilipia ya jirani, yako itaikataa hata uibonyeze usiku kucha.

Ujumbe wa Kenya Power, kampuni ya stima, ulikuja na mafungu matatu ya tarakimu 20. Kila tokeni ya mita za aina hii ilibeba hesabu ya dakika tangu mwanzo wa 1993, na nafasi ya hesabu hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 mwezi uleule, duniani kote. Mita isiyosasishwa ingekataa kila tokeni mpya. Mafungu mawili ya kwanza yalikuwa ya kuisasisha, la tatu ndilo lenye yuniti, na utaratibu huo haurukwi.

Sasa kiboksi cha kubonyezea tokeni, kile kinachokaa ndani ya chumba. Kioo chake kilikuwa cheusi. Stima isipokuwepo hutegemea betri, na zilizokuwemo zilikuwa zimevuja, unga mweupe umeganda kwenye springi.

"Toa za rimoti, mwanangu," mama wa chumba cha pili akaniambia, akinimulikia kwa simu. "Na usikichomoe kwa soketi."

Alikuwa sahihi kabisa. Mita yetu ilikuwa nje, na kiboksi huwasiliana nayo kupitia nyaya zilezile za stima. Ukikichomoa, kinabonyezeka lakini hakuna kinachofika. Nikakwangua springi kwa ncha ya kisu, nikapachika betri, kioo kikawaka. Yeye akasoma tarakimu nnenne, mimi nikabonyeza. Baada ya kila fungu tulingoja kioo kikubali ndipo tuanze lingine.

Katika ujumbe ule, thamani ya yuniti huandikwa mbali na makato mengine, yaani kodi, gharama ya mafuta ya kuzalishia umeme na tozo kadhaa. Ndiyo maana pesa unazolipa hazigeuki zote kuwa yuniti. Na ujumbe ukifutika kabla hujaingiza tokeni, piga *977# uitafute humo, usinunue nyingine.