Bia Iliyoitwa Togwa

Vifuko vya hopsi, vidonge vya maua yanayotia bia uchungu na harufu, vilikuwa viwili, vya nailoni, na maandishi ya kalamu yalikwisha kufutika kwa ukungu wa friza. Kimoja kilikuwa na Magnum, hopsi za uchungu zenye asidi za alfa asilimia 12; kingine Saaz za Ucheki, hopsi za harufu, asilimia 3 tu. Vidonge vyote kijani, na vikiganda vyote vinanukia majani makavu. Nikanusa, nikabahatisha. Ningechemsha kidonge kimoja kimoja kwenye vikombe viwili, robo saa, nikaonja, ningevijua.

Asidi za alfa hazitoi uchungu mpaka zichemke muda mrefu zibadilike umbo. Ndiyo maana hopsi za uchungu hutangulia, dakika 60 kabla ya kuepua sufuria, na hata hivyo robo tu ndiyo hufika kwenye bia. Nilitaka miligramu 25 za uchungu kwa lita. Kwa lita 20 hizo ni 500; kwa kuwa hufika robo tu, zinatakiwa gramu 2 za alfa, yaani gramu 17 za Magnum. Kwa Saaz ingebidi gramu 67, na hopsi nyingi hivyo hunyonya bia na kuiachia ladha ya mchicha uliopitiliza jikoni.

Mimi nilitia gramu 17 za Saaz nikidhani ni Magnum. Uchungu ukaishia miligramu 6 hivi. Mafuta ya harufu, ambayo ndiyo thamani yote ya Saaz, yakapanda na mvuke huku napepea mkaa. Uani kulinukia kweli, bia haikuambulia kitu. Tena Tabora iko kama mita 1,200 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96, na uchungu hutoka polepole zaidi. Siku hizi nachemsha dakika 75.

Magnum nazo, gramu 40, nikazitia kwenye bia baridi siku ya nne, ikiwa imeshachacha. Hasara tupu: pasipo moto hazikuleta uchungu wa maana, na harufu yake ni hafifu.

Jirani yangu, mama anayepika wanzuki, akaonja.

“Mwanangu, hii togwa?”

“Bia hiyo, mama.”

“Basi togwa yenye povu.”

Akaondoka na lita kumi, akaziongeze asali yake. Jumamosi hiyohiyo zilikwisha.